Ujira wa Moto Usiowaka



Nianze na kengele. Shuleni kwetu, Mufindi, kengele ilikuwa ringi ya gurudumu la lori, imening'inizwa mtini na kugongwa kwa kipande cha nondo. Ikilia saa nne, mapumziko. Ikilia saa nane, nyumbani. Ikilia saa isiyo yake, tena mwezi wa tisa au wa kumi, hakuna aliyeuliza kulikoni: moto kichaa. Darasa la tano hadi la saba tulitoka mbio, kila mtu akivunja tawi bichi njiani, na kule mlimani tuliupiga ule moto mpaka tawi likaisha majani, ukajikuta unapiga kwa fimbo tupu. Rafiki yangu mmoja aliunguza nyusi zote mbili. Tulimcheka wiki nzima. Watu wazima nao walikuja, wengine kwa moyo na wengine kwa hofu ya faini, maana mwenyekiti wa kitongoji alikuwa na daftari lake, na asiyeonekana kwenye moto aliandikwa.

Mwaka mmoja tulishindwa. Moto ulipita juu ya ekari mbili za misindano ya baba. Miti ile ilikuwa na miaka 11, rika langu. Baba aliipanda, kama alivyopenda kusema, ili ije inisomeshe. Jioni alisimama pembeni, mikono mgongoni, akihesabu mistari, akifika mwisho anaanza upya.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba tulishindwa siku ile, kwa kuwa tulichelewa, au kwa kuwa upepo uligeuka, na sisi tulikuwa watoto. Leo nimekuja kuwaambia kwamba tulishindwa mwezi wa sita. Mwezi wa sita nyasi za kwetu zinaanza kukauka, usiku baridi inauma, jua la mchana ni pole, na mtu mwenye fyekeo anaweza kushinda kazini bila kuchoka sana. Mwaka ule hakuna aliyefyeka. Na hakuna aliyefyeka kwa sababu moja ambayo tunaona haya kuitaja kwenye mikutano ya hadhara: hakuna aliyelipwa.

Mhadhara wangu wote ni huo. Yanayofuata ni ushahidi.

Moto hauna siri kubwa. Unataka joto, unataka hewa, unataka chakula. Joto la Oktoba hatuliwezi, na upepo hauna bwana. Kilichobaki mikononi mwetu ni chakula chake: nyasi, majani makavu, matawi yaliyopogolewa yakaachwa chini ya miti. Wanaosomea moto wana kanuni ambayo mkulima wa milimani anaijua kwa miguu yake: moto unaopanda mlima hukaribia kuongeza kasi maradufu kwa kila digrii 10 za mwinuko. Ndiyo maana tuliambiwa tangu wadogo kwamba ukiukimbia moto usikimbilie juu.

Na nyumba je? Tumezoea kufikiri kwamba nyumba humezwa na ukuta wa ndimi za moto. Jack Cohen, mtafiti wa idara ya misitu ya serikali ya Marekani, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba nyumba nyingi huwashwa na cheche zinazorushwa na upepo mbele ya moto wenyewe. Zinatua kwenye mfereji wa paa uliojaa majani, au kwenye kuni zilizopangwa ukutani, wakati mwingine kwenye zulia la mlangoni. Mjini Paradise, California, tarehe 8 Novemba 2018, watu 85 walikufa. Angalieni picha za siku zilizofuata: nyumba zimebaki majivu na bomba la moshi, na katikati yake miti imesimama na majani yake mabichi. Mti ulipona, nyumba ikaungua. Kumbe silaha ya kuiokoa nyumba ilikuwa ngazi na reki, na siku ya kuzitumia ilikuwa imeshapita.

Wengi humu ukumbini hamjawahi kutengeneza barabara ya moto, ule ukanda wa ardhi tupu unaokata njia ya moto, basi niwapeleke kidogo. Chukueni watu 12. Wanne wa mbele wana mapanga. Wanakata vichaka na miti midogo. Wanaofuata wana mafyekeo, wanalaza nyasi. Nyuma yao majembe, na hapo ndipo kazi ilipo, kwa sababu kufyeka peke yake hakutoshi: lazima upare mizizi mpaka udongo mwekundu uonekane. Mwisho kabisa ni wenye reki. Takataka hukusanywa katikati, na jioni tulivu yenye umande huchomwa, huku watu wawili wamesimama na mabomba ya mgongoni yaliyojaa maji. Asubuhi msimamizi anapita akitazama chini. Anatafuta kitu kimoja tu: mahali ambapo utepe mwembamba wa nyasi kavu umebaki ukiivuka barabara. Moto hupita kwenye utepe ule kama siafu wanavyopita juu ya kijiti kuvuka mtaro. Mita 500 zilizosafishwa vizuri zinaweza kuharibiwa na hatua moja iliyorukwa na mtu mwenye njaa aliyetaka kuwahi nyumbani.

Sasa niulize swali la kienyeji. Ule msitu upande wa pili wa barabara ni wa nani? Zamani jibu lilikuwa rahisi: wa kijiji, au wa serikali. Shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko yote ya serikali nchini, limekuwa jirani yetu tangu kabla sijazaliwa. Lakini nenda Mufindi leo. Mlima huu wa mstaafu anayeishi Dar es Salaam, bonde lile la mfanyabiashara wa Makambako, kiraka kile cha mwalimu aliyehamishiwa Mwanza. Bibi anayeishi karibu na barabara ya moto hana hata msindano mmoja. Ana mahindi na kuku. Tunamwambia aje afyeke bure, kwa moyo wa ujamaa, ili mti wa mtu asiyemjua usiungue. Halafu asipokuja tunasema wananchi hawana mwamko.

Neno hilo, mwamko, ningekuwa na uwezo ningelipiga marufuku kwenye ripoti kwa miaka mitano, tuone wataandika nini badala yake.

Msinielewe vibaya kuhusu kujitolea. Oktoba 2020 moto ulipowaka Kilimanjaro, eneo la Whona kwenye njia ya Marangu, kati ya vituo vya Mandara na Horombo, mamia ya watu walipanda kwenda kuuzima: askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Mweka, wapagazi, wanavijiji. Ukipiga 114 unaita Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lakini gari la zimamoto halipandi kule. Kule kinachofika ni mguu wa mtu. Walipiga moto kwa matawi, kama sisi tulivyofanya shuleni, kwenye baridi na hewa haba, na kile kilichokuwa kikiungua hakikuwa nyasi tu. Andreas Hemp, mtafiti Mjerumani aliyeuchunguza mlima ule kwa miongo kadhaa, ameonyesha kwamba mioto imeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita. Miti ya Erika ya ukanda ule hunasa ukungu na kuudondosha chini kuwa maji. Kwa hesabu yake, maji yanayopotea kwa kuungua kwa msitu huo ni mengi kuliko yanayopotea kwa kupungua kwa barafu ya kileleni, ambayo ndiyo dunia nzima inaililia. Mtu anayemwagilia migomba yake kwa mfereji wa kienyeji kule chini anapaswa kuuogopa moto wa juu kuliko anavyoihurumia theluji.

Watu wale walijitolea, na heshima yao ni kubwa. Lakini kujitolea ni kwa siku ya hatari. Moshi unaonekana, kengele inalia, damu inachemka, mtu anakwenda. Mwezi wa sita hakuna moshi. Kuna nyasi tu, na mgongo unaouma. Ndugu zetu wa Kilimanjaro na Upare wana msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na malipo. Rwanda wana umuganda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Ni mila na taratibu nzuri pale ambapo kila anayeshika jembe anaiona faida yake: mfereji unaoleta maji kwake, barabara ya kwenda zahanati. Ukiitumia njia hiyo kulinda mali ya asiyekuwepo, kwa wiki tatu mfululizo, utakuwa umewatoza maskini kodi na kuipa jina la mshikamano.

Wapo waliolijua hili kabla yetu. Mwaka 1933, Marekani ikiwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, Rais Franklin Roosevelt aliunda Civilian Conservation Corps. Vijana wasio na kazi walichukuliwa kambini, wakapewa chakula, sare na dola 30 kwa mwezi, ambazo 25 kati yake zilitumwa moja kwa moja kwa wazazi. Hiyo 25 inanivutia kuliko hotuba zote za wakati ule: kijana yuko msituni, mama yake analipa duka. Mpaka mpango unafungwa mwaka 1942, vijana wapatao milioni 3 walikuwa wamepita humo. Walipanda miti, wakajenga minara ya kuangalizia moto, wakakata barabara za moto. Kambi za weusi na weupe zilitengwa, hilo nalo lisemwe.

Na lisemwe pia kwamba mshahara peke yake hauzimi moto. Agosti 1937, huko Blackwater, Wyoming, wazima moto 15 walikufa upepo ulipogeuka, na wengi wao walikuwa vijana wa mpango huo. Unaweza kumlipa kijana vizuri kabisa na bado ukamwua, kama hukumfundisha kusoma upepo na kama hukumwonyesha, kabla hajaanza kazi, njia ya kutorokea.

Lakini mfano ninaotaka tukae nao ni wa Afrika Kusini, kwa sababu umasikini wao na wetu unafanana sura, na kwa sababu walianzia mahali ambapo hapakuwa na uhusiano na moto. Mwaka 1995, serikali ya Mandela ikiwa changa, waziri wa maji na misitu, Kader Asmal, alianzisha mpango wa kukata miti ya kigeni iliyokuwa ikinywa maji ya mito: misindano iliyotoroka mashambani, miwati, mihakea ya Australia. Mpango uliitwa Working for Water. Waliokata walikuwa watu wasio na ajira, nao walilipwa. Ghafla waliona kitu cha pili: miti ile ile iliyokunywa maji ndiyo iliyolisha moto. Mimea ya asili ya eneo la Rasi, kusini-magharibi mwa nchi hiyo, inayoitwa finbosi, inahitaji kuungua kila baada ya miaka kadhaa. Bila moto mbegu zake nyingine hazioti. Ikichanganyika na miti ya kigeni, moto uliokuwa mganga unageuka muuaji. Januari 2000 milima ya Rasi iliwaka, juu ya Cape Town, na matajiri na maskini wakavuta moshi mmoja.

Mwaka 2003 ukaanza mpango wa pili, Working on Fire. Utaratibu wake ni huu: kijana asiye na kazi, mara nyingi wa kutoka kijiji au kitongoji kilicho karibu na msitu, anaajiriwa kwa mkataba. Anapimwa mwili, anafundishwa moto unavyotembea, huduma ya kwanza, msumeno wa injini. Anavaa shati la njano. Anaishi au anaripoti kambini. Msimu wa moto ukifika anazima moto. Msimu ukiisha anakata barabara za moto, anapunguza vichaka, anachoma mapema panapostahili kuchomwa, anapita shuleni na nyumba kwa nyumba akizungumza na watu. Wamefika zaidi ya 5,000, na zaidi ya robo ni wanawake. Nyuma yao ipo sheria ya mwaka 1998 inayomlazimisha mwenye ardhi yenye hatari ya moto kutengeneza barabara ya moto mpakani mwake, na inayowapa majirani nafasi ya kuunda vyama vya kujikinga na moto. Naomba hilo la sheria mlishike, nitalirudia.

Je, moto umekwisha Afrika Kusini? La hasha. Tarehe 7 Juni 2017 mji wa Knysna uliwaka baada ya ukame mrefu na chini ya upepo mkali. Watu 7 walikufa na mamia ya nyumba yakateketea. Aprili 2021 moto uliteremka Mlima wa Meza ukaingia Chuo Kikuu cha Cape Town, ukachoma chumba cha kusomea cha maktaba ya Jagger pamoja na hazina ya vitabu na kumbukumbu za Afrika. Mashati ya njano yapo na moto upo. Anayewaahidi kwamba mpango fulani utaumaliza moto ana kitu anachouza.

Kinachonifundisha zaidi kwa habari ya mpango huu hakikutokea Afrika, kilitokea Canada. Mei 2016 mji wa Fort McMurray, Alberta, ulikuwa umewaka. Watu zaidi ya 80,000 walikuwa wamehamishwa. Afrika Kusini ikatuma vijana 301. Huenda mliiona video ile: uwanja wa ndege wa Edmonton, mashati ya njano, wanaimba na kucheza kwa miguu mizito, na Wacanada wamesimama wanatazama. Dunia ilifurahi. Haikupita wiki mbili vijana wale wakaweka zana chini. Walikuwa wakipewa dola 15 za Canada kwa siku, na nyingine 35 waliambiwa watazipata wakirudi nyumbani, juu ya malipo yao ya kawaida. Dola 15 za siku nzima zilizidi kidogo tu mshahara wa chini wa Alberta kwa saa moja. Wakuu wa mpango walisema hayo ndiyo makubaliano. Waziri mkuu wa jimbo, Rachel Notley, akasema hadharani kwamba hali hiyo haikubaliki, na kwamba kila saa iliyofanywa kazi Alberta italipwa kwa sheria ya Alberta. Vijana wakarudishwa mapema.

Nilipoisoma habari ile mara ya kwanza niliona aibu kwa niaba yao: umealikwa msibani, unadai nauli? Nilipoisoma mara ya pili aibu ilihamia upande mwingine. Walikuwa wameimba bure. Kuzima moto ni kazi, na kazi ina saa na ina bei. Mpango ulioanzishwa ili kuwainua maskini ulikuwa umezoea kuuita mshahara wao posho, na neno posho lina tabia ya kujipunguza lenyewe kila linapotamkwa. Januari 2019 Afrika Kusini ilipoweka mshahara wa chini wa taifa, randi 20 kwa saa, sheria hiyo hiyo iliwawekea watu wa kazi za umma randi 11. Serikali ilijipunguzia yenyewe. Mimi naunga mkono kazi za umma kwa mikono miwili, na ndiyo maana siwezi kuuficha upungufu huu: tukianzisha za kwetu, jambo la kwanza litakalotushawishi ni kuwalipa watu kidogo kwa kuwa hawana pa kwenda.

Lipo kosa lingine la malipo, na hili ni la hatari zaidi. Juni 2002, Arizona, mzima moto wa kibarua alikuwa hana kazi. Huko wazima moto wa aina yake walilipwa dola 8 kwa saa, lakini ni saa za moto tu. Hakuna moto, hakuna hela. Akawasha. Alikiri kwamba alitaka siku za kazi. Moto wake ulikutana na moto mwingine, na kwa pamoja mioto hiyo iliunguza karibu hekta 190,000 na nyumba zaidi ya 400. Alihukumiwa miaka 10.

Mnaweza kumwita mwehu, na habari ikaisha. Mimi naona alifuata bei. Ukilipa siku za moto peke yake umefungua soko la moto, na soko halikosi muuzaji. Kwetu huko kuna mizaha inayofanana na hiyo, kila anayetoka kwenye mashamba ya miti ameisikia: moto ukiwaka kuna soda na mkate, usipowaka kuna njaa. Tunacheka. Tungepaswa kuandika. Ujira unatakiwa uwe wa Juni, wa barabara iliyokaguliwa na msimamizi anayetazama chini, na uwepo mwishoni mwa msimu ujira kidogo wa ziada kwa kila kikosi ambacho eneo lake halikuungua. Hapo hata mvutaji sigara wa kijiji atapata walinzi asiowajua.

Kaskazini mwa Australia wameliweka hili kwa namna ya kushangaza. Eneo la Arnhem la Magharibi lilikuwa likichomwa na wenyeji wake kwa maelfu ya miaka, vipande vidogo vidogo, nyasi zikiwa bado na unyevu. Karne iliyopita watu wakahamia misheni na mijini, ardhi ikabaki tupu, na moto wa mwisho wa kiangazi ukaanza kula yote kwa mkupuo. Mwaka 2006 ukafungwa mkataba: kampuni ya ConocoPhillips, iliyokuwa na kiwanda cha gesi Darwin, ilipe takriban dola milioni 1 za Australia kila mwaka kwa miaka 17, na wenyeji warudi kuchoma mapema, kwa maarifa ya wazee na ramani za setilaiti, kwa sababu moto mdogo wa mapema hutoa gesi chafu kidogo kuliko moto mkubwa wa baadaye. Mzee anayejua ni siku gani nyasi fulani hukubali moto, na ni siku gani hulipiza, analipwa kwa ujuzi huo. Na tusijivune kwamba hayatuhusu. Majani ya gamba, yanayowasumbua sana Waaustralia hao, yalipelekwa kutoka Afrika kuwa malisho. Hata mji wa Lahaina, Hawaii, ulipoteketea Agosti 2023, sehemu ya kilicholisha moto yalikuwa majani ya asili ya Afrika yaliyoota kwenye mashamba ya miwa yaliyoachwa. Sisi tunayajua majani hayo. Ng'ombe wetu wanayajua. Kwa nini ujuzi wa kuishi nayo usiwe na bei hapa yalikozaliwa? Kilwa, kwenye misitu ya vijiji yenye mipingo, wanakijiji wamefanya uchomaji wa mapema kwa mpango, na haukuhitaji helikopta. Ulihitaji kiberiti, saa, na mtu anayejua upepo wa jioni.

Basi turudi nyumbani. Tanzania tuna chombo tayari. TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, katika mpango wa kunusuru kaya maskini, imekuwa na kipengele cha ajira za muda: mtu wa kaya iliyosajiliwa hupewa kazi ya mradi wa kijiji, hadi siku 60 kwa mwaka, analipwa kwa siku. Wamechimba malambo, wamepanda miti, wametengeneza barabara za vijijini. Orodha ya majina ipo, njia ya kulipa ipo, msimamizi yupo. Ukiniuliza kwa nini barabara za moto hazimo kwa wingi kwenye miradi hiyo, nitakujibu kwa kalenda. Ajira hizo zilibuniwa zifuate msimu wa njaa, miezi ambayo ghala ni tupu. Nyanda za juu kusini, ghala huwa tupu mvua ikinyesha, na mvua ikinyesha nani ataparua nyasi zitakazoota tena Jumatatu? Kinga ya moto ina kalenda yake: Mei, Juni, Julai. Watu wa mipango waje wakae na watu wa misitu meza moja, waandike siku 20 kati ya zile 60 ziwe za mwezi wa sita, katika wilaya zenye misitu. Sioni jambo hapo linalohitaji mfadhili.

Na wenye miti? Hapa ndipo narudi kwenye ile sheria ya wenzetu. Mstaafu wa Dar es Salaam na mfanyabiashara wa Makambako wachangie. Kodi ya umma ilipe barabara zinazolinda shule, zahanati, chanzo cha maji, msitu wa kijiji. Mwenye misindano alipe ya mpaka wake, kwa kiwango kilichobandikwa ubao wa matangazo wa kijiji, na asiyelipa jina lake libandikwe ubao huo huo. Mwenyekiti wa kitongoji anajua kutunza daftari. Tangu utoto wangu anajua. Daftari lile la wasiokuja kwenye moto ligeuzwe kuwa la wasiolipia kinga.

Mtasema hela. Tupige hesabu, na bei ni za makadirio yangu. Watu 12, siku 20, tuseme shilingi 10,000 kwa siku: shilingi 2,400,000. Tuseme msindano uliokomaa unauzwa shilingi 20,000 ukiwa umesimama. Ujira wa kikosi kizima kwa msimu mzima ni miti 120. Ukipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja ina miti 1,111.

Nilipokwenda nyumbani mwaka juzi nilimtembelea mama mmoja mzee aliyekuwa kibarua wa kufyeka enzi zile. Nilimkuta akipukuchua mahindi kibarazani.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Ni wewe mtoto wa misindano?"

Kumbe ndivyo wanavyoniita. Nikamuuliza kuhusu mwaka ule, moto ulipitaje pale juu wakati palikuwa na barabara.

"Barabara ilikuwepo," alisema. "Tulikuja, tukakaa chini ya mkaratusi mpaka jua likazama. Wakasema hela ya vibarua haijafika, mrudi kesho. Tukarudi kesho. Keshokutwa nikaenda kuvuna. Nyasi hazikungoja."

"Wangewalipa hata nusu?"

Akaacha kupukuchua, akanitazama kama mtu anayeulizwa swali la kitoto. "Hela ya sabuni tu, mwanangu, tungemaliza kwa siku nne."

Ekari mbili za baba zilikuwa na miti 900 hivi.